Msumbiji: vita vilivyotoka nje vikaikuta nyumba ina ugomvi

(Hotuba nilotoa Chake Chake mbele ya walimu wa historia, vijana wa kidato cha sita na wazee walokuja kusikiliza. Wengi wameniomba niiandike, bas nimeiandika kama nilivyoisema, ila pale nilipokatizwa na maswali nimeunganisha.)

Assalaam alaykum. Walimu wangu, wazee wangu, wanangu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe na mkono wa nje, na mimi nimechagua Msumbiji. Najua nyinyi vijana simu zenu zimejaa Sudan na Yemen na Gaza, na hizo nazo ni haki yake kuzungumzwa, lakini Msumbiji ni jirani yetu khasa, ukitoka hapa ukafata pwani ukapita Kilwa ukapita Mtwara ushaingia kwao, na kule kaskazini yao kuna mji unaitwa Pemba kama kisiwa chetu, na watu wa pwani ile wanazungumza Kimwani, kina maneno tele ya kwetu, na hapa visiwani zimo familia za Kimakonde na Kimakua ambazo asili yao ni kule kule. Jirani wa namna hiyo kapigana vita tangu 1977 mpaka 1992, watu kama milioni moja wamekufa kwa risasi na kwa njaa iliyoletwa na vita, Malawi peke yake imepokea wakimbizi wanaopita milioni, na ukimuuliza kijana wa skuli hapa hajui hata nani alipigana na nani. Hilo linaniuma kwa kweli.

Sasa barazani kwetu nikitaja vita hivi nasikia maneno ya aina mbili tu. Kuna wanaosema ah, mabeberu na makaburu tu hao, wametugombanisha. Na kuna wanaosema Waafrika wenyewe hatupendani, tusisingizie mtu. Mimi leo nataka niseme kwamba wote hao wanakimbia kazi, mana anaesema ni mabeberu tu anaficha makosa ya serikali ya nyumbani, na anaesema ni wenyewe tu anawafutia madhambi watu ambao majina yao yanajulikana na vikao vyao vinajulikana. Kazi ni kuuliza, kwa kila hatua ya vita, nani alikuwa ameshika usukani pale. Na jibu linabadilika, haliwi lile lile miaka 15.

Tuanze na mwanzo wenyewe, kwa sababu hapa mkono wa nje hauna ubishi. Msumbiji imepata uhuru tarehe 25 Juni 1975, chini ya FRELIMO, chama ambacho kiliundwa hapo Dar es Salaam 1962 na wapiganaji wake wakafundishwa Kongwa na Nachingwea. Rais ni Samora Machel. Mwezi wa Machi 1976 Samora akafunga mpaka na Rhodesia, ile Zimbabwe ya leo, iliyokuwa mikononi mwa walowezi wa Ian Smith, akatekeleza vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na akawaachia wapiganaji wa ZANU, chama cha kupigania uhuru wa Zimbabwe, wakae kwake na wavukie kwake. Yani nchi ambayo haijamaliza hata mwaka wa uhuru, haina madaktari, Wareno wamekimbia na ufundi wote, imejitolea mapato ya reli na bandari ya Beira kwa ajili ya uhuru wa jirani. Mimi kila nikilitaja hili namvulia kofia Samora, liwe lolote jengine alilofanya.

Rhodesia wakajibu. Idara yao ya ujasusi chini ya Ken Flower ikaanzisha kwanza redio, Sauti ya Afrika Huru kwa Kireno, ikirusha matangazo ya kumtukana Samora, alafu ikakusanya watu, wengi wao Waafrika waliokuwa askari wa Mreno katika vikosi maalum, watu ambao walijua wakibaki nyumbani watakamatwa. Ndo RENAMO hiyo ilivyozaliwa. Redio imetangulia kabla jeshi halijawa jeshi, litieni hilo akilini. Kiongozi wao wa kwanza André Matsangaissa alikuwa mwanajeshi wa FRELIMO mwenyewe, akafungwa kwa wizi katika kambi ya mafunzo ya tabia, akatoroka akakimbilia Rhodesia, na moja katika kazi zake za mwanzo ni kurudi kwenye kambi ile ile kufungulia wafungwa, wengi wakamfata. Akauawa 1979 huko Gorongosa, nafasi ikashikwa na Afonso Dhlakama.

1980 Zimbabwe imepata uhuru, Rhodesia imekufa. Kwa hesabu ya kawaida RENAMO nayo ilitakiwa ife hapo hapo. Lakini makaburu wa Afrika Kusini waliwachukua na redio yao na wakufunzi wao wakawapeleka Phalaborwa, Transvaal, wakawafanya jeshi la kweli. Silaha zikawa zinadondoshwa kwa ndege usiku, mawasiliano ya redio yakawa mazuri kuliko ya jeshi la serikali. Na lengo la Pretoria halikuwa hata kumuweka Dhlakama ikulu. Mwaka ule ule wa 1980 nchi za kusini mwa Afrika zilikuwa zimeunda SADCC ili zisitegemee reli na bandari za kaburu, na njia nyingi za kwenda baharini zisizopita kwake zilikuwa zinapita Msumbiji: Beira, Nacala, Maputo. Kwa hivyo ikivunjwa reli ya Msumbiji, Zimbabwe na Zambia na Malawi wote wanarudi kwa kaburu kupiga magoti. Pia Samora alikuwa anawahifadhi watu wa ANC, chama cha ukombozi kilichokuwa kikipambana na kaburu. Sababu ndo hizo, na mtu mweusi wa Sofala, mkoa wa katikati ya Msumbiji, alikufa kwa ajili ya hesabu za watu wa Pretoria ambao hakuwahi kuwaona.

Sasa mpaka hapa wale wa kusema mabeberu wanapiga makofi. Ngojeni.

Jeshi lililopandwa na watu wa nje, la watu mamia tu mwanzoni, limewezaje miaka mitano sita baadae kuwa na wapiganaji wanaokadiriwa elfu 20 na kuwepo katika mikoa yote kumi? Afrika Kusini haipakani na Nampula, mkoa wa kaskazini kule. Haipakani na Zambezia. Ndege inaweza kudondosha bunduki lakini haiwezi kudondosha kijiji cha kukuficha na kukulisha. Vita vilitoka nje, ni kweli, lakini viliikuta nyumba ina ugomvi.

Ugomvi gani? FRELIMO walikuwa na haraka. Mwaka 1977 wamejitangaza chama cha Kimarx na Kilenini, wakataka mwanaadamu mpya kwa siku moja. Machifu, wale wanaoitwa régulos, wakaondolewa. Na ni kweli wengi wao Mreno aliwatumia kukusanya kodi na kusukuma watu kwenye kazi ya lazima, lakini wao ndo pia waliokuwa wakigawa ardhi, wakisuluhisha, wakiombea mvua, na waliowekwa badala yao ni makada vijana, mara nyingi hata si wa pale. Waganga wakapigwa marufuku. Dini ikabanwa, skuli za misheni zikataifishwa, Waislamu wa pwani ya Nampula nao wakadharauliwa, mpaka Disemba 1982 ndo serikali ikakaa na viongozi wa dini ikaanza kulegeza. Watu wakatolewa kwenye makaburi ya babu zao na mikorosho yao wakapelekwa vijiji vya pamoja, na wazee waliokaa Bara mnakumbuka operesheni vijiji ilivyokuwa, sasa ichukueni ile iwekeni katika nchi yenye vita, ambapo askari anakuja na kiberiti kuchoma nyumba yako ya zamani ili usirudi. Na 1983 wakafanya ile Operesheni Uzalishaji, watu wanakamatwa mitaani Maputo kwa kukosa kitambulisho cha kazi au ukaazi wanapakiwa ndege wanapelekwa Niassa, mwisho wa nchi. Wengine hawakuwahi hata kuaga.

Niwape sehemu moja muione kwa karibu, wilaya ya Eráti, mkoa wa Nampula, ambayo mtafiti wa Kifaransa aliishi na kuhojiana na watu vita vikiendelea. Pale kulikuwa na makundi mawili ya Wamakua. Moja zama za Mreno lilipata skuli na pesa ya pamba na vyeo vidogo vidogo, la pili halikupata kitu. Uhuru ulipokuja, vijana wa lile la kwanza, ndo waliosoma, wakawa maofisa wa serikali mpya. RENAMO walipofika katikati ya miaka ya 80, chifu wa kundi la pili akawapokea, watu wake maelfu wakahama kijiji cha serikali wakaenda kuishi msituni chini ya ulinzi wa RENAMO. Hivi mnadhani yule chifu alikuwa anajua Phalaborwa iko wapi? Alikuwa anataka watu wake warudi kwenye mashamba yao na yeye arudi kuwa chifu. Vita vya Pretoria vilimfaa, akavitumia. Na kundi la kwanza nalo likashikamana na FRELIMO vile vile kwa sababu ya jirani yao, si kwa sababu ya Lenini.

Hichi ndo kitu ninachotaka vijana mkishike. Mkubwa wa nje anamtumia wa ndani, na wa ndani anamtumia mkubwa wa nje, wote wawili wanadhani wao ndo wajanja, na bunduki ikishaingia kijijini hakuna kati yao anayeweza kuirudisha ilikotoka.

Lakini msije mkatoka hapa mkasema RENAMO walikuwa wakombozi wa wakulima, hasha. Huyo chifu na watu wake baada ya muda waliona wenyewe. RENAMO haikuwa na skuli haikuwa na hospitali, ilikuwa na kambi. Wapiganaji wanakaa katikati, mbali kidogo ndo wanakaa raia wanaolima na kulipa chakula, na katikati ya hao na hao wanapita mujiba, polisi wa kienyeji wasiokuwa na bunduki, kazi yao kukusanya na kuchunga watu wasitoroke. Wasichana wanachukuliwa kwenda kambini. Mtu anabebeshwa mzigo wa unga au risasi anatembea siku mbili tatu, akichoka anapigwa, asiponyanyuka anauawa. Kusini, mikoa ya Gaza (si ile ya Palestina) na Inhambane, ambako hawakuwa na watu wao, walikuwa wabaya zaidi: Homoine Julai 1987 waliuawa zaidi ya watu 400, na hospitalini pia waliuliwa wagonjwa. Watoto wa miaka kumi walitiwa bunduki mikononi na wengine walilazimishwa kuua jamaa zao ili wasiwe na pa kurudi. Mwaka 1988 wizara ya mambo ya nje ya Marekani, nchi ambayo ilikuwa na wanasiasa wake waliotaka kuisaidia RENAMO, ilitoa ripoti kutokana na mahojiano na wakimbizi, ikakadiria raia laki moja wameuawa na lawama kubwa sana ikaiweka kwa RENAMO. Baada ya ripoti ile wale wanasiasa wakakosa la kusema.

Kijana mmoja hapa kaniuliza, swali zuri sana: na sisi je? Sisi si wa nje?

Ni wa nje, ndio. Serikali ya Msumbiji nayo ilishikiliwa na watu wa nje. Silaha za Urusi. Maelfu ya askari wa Zimbabwe walikuwa wanalinda reli na bomba la mafuta la Beira, na Agosti 1985 wao ndo walioiteka kambi kuu ya RENAMO ya Casa Banana huko Gorongosa. Na jeshi letu la Tanzania lilikwenda, takriban askari elfu tatu, khasa Zambezia, rais wetu wakati huo ni Mzee Ali Hassan Mwinyi, mtu wa kwetu huku. Wakakaa mpaka 1988 wakarudi. Kuna waliokufa kule. Tofauti ni kwamba walialikwa na serikali halali na walikwenda wakati ambapo nchi ilikuwa inakatika vipande viwili, mana mwishoni mwa 1986 RENAMO walimiminika kutoka Malawi kwa wingi, wakateka miji ya Zambezia mmoja baada ya mmoja, na wangefika baharini Quelimane nchi ingegawika kati. Mimi nasema bila kusita kwamba kwenda kwao kulikuwa sawa. Lakini hata hao hawakumaliza vita, walirudisha miji, vijiji vilibaki vile vile.

Na mambo ya nje hayakuwa mstari mmoja ulionyooka, hawa huku na wale kule. Uingereza ya Thatcher, mtu anaewachukia wakomunisti kuliko chochote, ilikuwa inafundisha askari wa FRELIMO huko Nyanga, Zimbabwe. Banda wa Malawi alikuwa na urafiki na makaburu na akiwaachia RENAMO wakae kwake, kisha baada ya Samora na Mugabe na Kaunda kumfata Blantyre Septemba 1986 akawafukuza, na kufukuzwa ndo kule kulikosababisha RENAMO wamiminike Zambezia, na mwaka uliofata askari wake Banda wakaenda kulinda reli ya Nacala upande wa serikali. Samora mwenyewe Machi 1984 alikaa meza moja na P. W. Botha, mkuu wa serikali ya makaburu, akasaini mkataba wa Nkomati: wewe usiwasaidie RENAMO, mimi sitowaachia ANC. Samora akautekeleza. Kaburu akasaini kwa mkono mmoja na wa pili ukaendelea kudondosha silaha. Tunajuaje? Kwa sababu Casa Banana ilipotekwa zilikutwa daftari za kumbukumbu za mtu wa karibu na Dhlakama, zimeandikwa vikao na maofisa wa Afrika Kusini, ndege, safari, na mengi ni ya baada ya mkataba. Fikirieni Samora anasoma yale madaftari. Oktoba mwaka wa pili yake, 1986, ndege yake ikaanguka Mbuzini, ndani ya ardhi ya Afrika Kusini. Uchunguzi wa Afrika Kusini ulisema ni makosa ya marubani, Warusi wakasema ndege ilipotezwa njia kwa mawimbi ya uongo. Mwenye hakika ni Mungu.

Sasa vita vikaisha vipi. Hapa nje na ndani vinakutana tena. Vita baridi vikaisha, Urusi haina pesa, de Klerk kaingia Pretoria hataki tena gharama ile, FRELIMO 1989 wakaacha Umarx na 1990 wakaandika katiba ya vyama vingi, yani kile ambacho RENAMO walikuwa wanadai kwenye redio wakapewa kabla ya mazungumzo kwisha. Ukame wa 1991 na 1992 ukawa hata jeshi la msituni halina pa kunyang'anya chakula. Askofu mkuu wa Beira, Jaime Gonçalves, ambae ni Mndau kama Dhlakama, alikwenda msituni kuonana nae, wakazungumza lugha ya kwao, na yeye na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio ya Roma wakawaweka pande zote mezani zaidi ya miaka miwili, mpaka tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Chissano, aliemrithi Samora, na Dhlakama wakasaini. Umoja wa Mataifa ukatengeneza mfuko wa mamilioni ya dola kuisaidia RENAMO iwe chama, iwe na ofisi na suti na magari. Kuna wanaosema ni rushwa. Mimi nasema ni pesa bora kabisa iliyotumika katika vita vile.

Na raia hawakungoja Roma. Gaza kulikuwa na eneo la mzimu wa chifu wa zamani, Mungoi, akizungumza kupitia mganga, na majeshi yote mawili yakaogopa kuligusa, watu waliotekwa wakawa wanarudishwa kupitia hapo. Zambezia na Nampula akatokea Manuel António, akawachanja vijana dawa, wakaitwa Naparama, wakaenda na mikuki tu wakawakimbiza RENAMO katika wilaya ambazo majeshi ya nchi tatu hayakuziweza, mpaka mwishoni mwa 1991 alipouawa. Na amani ilipokuja, mtoto aliyetoka msituni haingizwi nyumbani hivi hivi, huko kusini katika familia nyingi alitiwa kwenye kibanda cha nyasi na nguo zake za vita, akatolewa, kibanda kikachomwa na nguo ndani, akaogeshwa dawa, ndo akakumbatiwa na mamake. Hakukuwa na mahkama, bunge lilitoa msamaha kwa wote, hakukuwa na tume ya ukweli. Waganga wale wale ambao serikali iliwapiga marufuku ndo waliofanya kazi ya kuwarudisha watoto.

Oktoba 1994 wakapiga kura. FRELIMO viti 129, RENAMO 112. Na angalieni ramani: RENAMO wameongoza Sofala, Manica, Tete, Zambezia na Nampula, na hiyo miwili ya mwisho ndo mikoa yenye watu wengi kuliko yote. Jeshi lililoundwa na majasusi wa Rhodesia limepata kura zinazokaribia milioni mbili. Yule anaesema mabeberu tu anieleze kura zile. Na yule anaesema wenyewe tu anieleze daftari za Casa Banana.

Nasema haya leo kwa sababu tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia, vita vimerudi Cabo Delgado, kwa watu wa Kimwani na Kimakua na Kimakonde, jamaa zetu. Oktoba 2020 walivuka wakaishambulia Kitaya, Mtwara. Wamo vijana kutoka Tanzania walokwenda kupigana kule, na wapo mashehe wa kule kule waliozitahadharisha mamlaka miaka kabla na hawakusikilizwa. Nje ipo: fikra zililetwa, pesa, bendera ya Daesh, kampuni za gesi za Afungi, askari wa Rwanda, na mpaka 2024 askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wetu walikuwemo. Ndani ipo: wavuvi waliotolewa ufukweni kupisha gesi, wachimbaji wadogo waliofukuzwa kwenye rubi za Montepuez, pwani inayoona makao makuu yako mbali na vyeo vinakwenda kwa wengine. Kila afisa anaposema kwenye redio kuwa hawa ni magaidi wa nje tu, nasikia serikali ya miaka ya 80 ikisema RENAMO ni majambazi wenye silaha, haijataka kuuliza nani alikuwa anawapikia.

Walimu, ombi langu ni hili. Katika madarasa yenu wamo watoto ambao babu zao walikuja huku kutoka upande ule, na mtaani wapo wanajeshi wastaafu waliokaa Zambezia 1987. Hawa wazee wanaondoka. Wapeni wanafunzi kazi ya likizo, wakaulize, waandike kwa daftari jina la kijiji na mwaka na nani alifanya nini, na mkishakusanya mimi niko tayari kurudi tukae tuzisome pamoja.